Kitu gani kiliruka kuelekea ziwa letu?

Je, unajua kwamba jina la ziwa letu Tanganyika limo katika karatasi za wapelelezi wa Marekani, kwa ajili ya vitu viwili vya moto vilivyoonekana angani? Ndiyo, limo. Hii si hadithi ya kupigia usiku kando ya moto. Karatasi iko, tarehe iko, na siku hizi kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Lakini je, vitu vyenyewe vilikuwako? Hilo ni swali lingine, na ndilo tunataka kulipima pamoja nawe mwezi huu.

Usiseme upesi kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Uwe Mboko, Baraka au kule kwenye machimbo ya Misisi, umesikia watu wakisimulia juu ya mwangaza uliopita usiku, na umesikia pia maneno yanayofuata asubuhi. Mara nyingine maneno hayo ndiyo yanayoleta hatari, kuliko mwangaza wenyewe.

Habari ya mwaka 1952

Tarehe 29 Machi 1952, gazeti Die Presse la mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, lilitoa habari kutoka Congo ya Wabelgiji. Lilisema kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya machimbo ya urani katika wilaya ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Urani ndiyo madini yaliyotumika kutengenezea bomu lililoharibu Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya madini hayo ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga. Kwa hiyo machimbo hayo yalilindwa sana, na habari zake zilifichwa.

Gazeti liliendelea kusimulia. Visahani vilizunguka kwa mwendo mzuri, vikabadilisha mahali mara nyingi. Watu waliokuwa chini walisikia mlio mkali kama wa mvuke na wa nyuki. Mambo hayo yalidumu dakika 10 au 12. Ofisa mmoja wa kiwanja cha ndege, komanda Pierre, akapanda ndege ya vita akavifuata. Alikadiria kwamba alikaribia kimoja hata kufika mita 120 hivi. Akasema kilikuwa na upana wa mita 12 mpaka 15, rangi yake kama aluminiamu, katikati kimetulia, na ukingo wake wote umefunikwa na moto unaozunguka. Baada ya dakika 15 akaacha kuvifuata, kwa kuwa viliondoka moja kwa moja kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa mwendo aliokadiria kuwa kilomita 1.500 kwa saa.

Tarehe 16 Agosti mwaka ule ule, shirika la upelelezi la Marekani, CIA, liliweka habari hiyo katika karatasi zake. Miaka ilipita, karatasi zikafunguliwa kwa watu wote. Tangu hapo habari ya komanda Pierre inasimuliwa duniani kote.

Sasa wewe unasemaje? Wengine watasema: "Ni kweli kabisa, hata CIA wamekubali!" Wengine watacheka: "Uongo mutupu!" Tunakuomba usimame kidogo kati ya hao wawili.

Tuipime kama dhahabu

Wewe unayeishi karibu na machimbo unajua namna mnunuzi wa dhahabu anavyofanya. Ukimletea kipande, hakulipi kwa sababu umeapa, wala hakifukuzi kwa sababu hakupendi. Anakitia asidi, anakiweka kwenye mizani, halafu anasema. Habari nayo inapimwa namna hiyo hiyo.

Kwanza, nani anasema? Watu wanataja CIA kana kwamba CIA ilikwenda Katanga kuchunguza. Sivyo. Karatasi ile ni tafsiri tu ya maneno ya gazeti. Karatasi za namna ile zilikuwa na onyo juu yake kwamba habari zilizomo hazijapimwa. Basi shahidi wetu si CIA. Shahidi wetu ni gazeti la Vienna, mji ulio mbali na Katanga kilomita maelfu.

Pili, habari inaeleza nini na inanyamaza juu ya nini? Inasema tu kwamba mambo yalitokea siku za karibuni, bila kutaja siku. Inataja jina moja tu la rubani. Mtu akitaka kwenda kuuliza, ataanzia wapi?

Tatu, vipimo vilipatikana namna gani? Angani hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali vinaonekana sawasawa. Nyoosha mkono wako usiku uweke kidole gumba mbele ya mwezi: kidole kinaufunika wote, na mwezi una upana wa kilomita karibu 3.500! Kama rubani alikosea juu ya umbali, basi alikosea pia juu ya ukubwa, na juu ya mwendo.

Nne, je, mambo yanapatana na yale tunayojua? Sauti husafiri kilomita 1.200 na kidogo kwa saa. Kitu kigumu kinachopita mwendo huo katika hewa hutoa mshindo mkubwa kama radi. Habari inataja mlio wa kuzomea na mluzi, lakini haitaji mshindo. Hilo peke yake halivunji habari yote, lakini mtu mwenye akili analiandika pembeni.

Tano, yaangalie vizuri yale maneno "kuelekea Ziwa Tanganyika". Kutoka Lubumbashi mpaka ncha ya kusini ya ziwa ni kilomita karibu 500 kwa njia ya anga, na mpaka hapa Mboko ni zaidi ya 800. Hata kwa mwendo ule alioutaja, vingehitaji dakika 20 kufika kwenye maji ya kwanza, na zaidi ya nusu saa kufika kwetu. Hakuna jicho la rubani linaloona hivyo mbali. Yeye aliona upande tu. Lakini ngoja habari ipite katika vinywa vitatu, utasikia kwamba visahani vilizama ziwani, na katika kinywa cha nne utasikia kwamba vinatoka huko kila mwezi mpevu.

Je, tumesema kwamba komanda Pierre alidanganya? Hapana. Labda aliona kitu cha kweli asichokijua. Labda gazeti liliongeza chumvi. Tulichopata ni uzito wa karatasi tu, na uzito huo ni mdogo kuliko sauti inayopigwa juu yake.

Jina linatangulia jicho

Kuna jambo lingine. Juu ya nini gazeti lilizungumza habari ya sahani? Tarehe 24 Juni 1947, rubani Mmarekani, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu 9 vikiruka karibu na mlima Rainier. Alisema vilikwenda kama sahani inayorushwa ikirukaruka juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo wake, si umbo lake. Magazeti yakaandika "sahani zinazoruka", na tangu hapo watu wa nchi nyingi wakaanza kuona sahani! Miaka mitano baadaye, sahani zikafika Katanga.

Usiwacheke. Kwetu pia ni hivyo. Mwangaza ukipita juu ya mlima, mtu mmoja akisema "Ile njo ndege ya balozi", wote wanaokuja nyuma yake wataona ndege ya walozi. Macho yameona mwangaza tu. Jina limetoka katika yale tuliyokuwa tunaogopa tangu zamani. Yule wa Marekani aliogopa ndege za adui na watu wa sayari nyingine, sisi tunaogopa jirani.

Lakini usicheke upesi

Kijana mmoja atasema: "Basi nimeelewa. Yote ni uongo." Hapana, mdogo wangu. Kukataa bila kupima ni sawa na kukubali bila kupima. Wote wawili hawakuiweka dhahabu kwenye mizani.

Mwisho wa miaka ya 1700, wataalamu wengi wa Ulaya waliwacheka wakulima waliosema kwamba mawe huanguka toka mbinguni. Halafu, tarehe 26 Aprili 1803, mawe karibu 3.000 yakaanguka karibu na mji wa L'Aigle, katika Ufaransa. Serikali ikamtuma mwanasayansi kijana, Jean-Baptiste Biot, mwenye miaka 29. Yeye alifanya nini? Hakukaa ofisini. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akauliza watu wakubwa na wadogo, wasomi na wasiosoma, wengine wasiojuana. Akaandika mahali ambapo kila jiwe lilianguka. Akaingia hata katika machimbo na viwanda vya chuma vya eneo lile, ili kuona kama kuna jiwe la namna ile. Hakulikuta. Basi akaandika kwamba wakulima walisema kweli. Tangu hapo ulimwengu wa sayansi ukakubali.

Karibu na kwetu pia jambo hilo limetokea. Tarehe 14 Agosti 1992, mawe ya angani yalianguka kama mvua juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mtoto mmoja alipigwa kichwani na kajiwe ka gramu chache. Kalikuwa kamegonga kwanza mgomba, hivyo kakapoteza nguvu, na mtoto hakuumia. Kama jirani angemcheka mtoto yule na kusema anaota, nani alikuwa mjinga?

Hata leo kuna mambo yanayosubiri Biot wake. Kwa miaka mingi watu wa nchi mbalimbali wamesimulia juu ya radi ya duara, yaani moto kama mpira unaotembea hewani wakati wa mvua kubwa. Wanasayansi hawajapatana bado juu ya chanzo chake. Nasi tunaishi katika jimbo la radi nyingi: utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, hapa Kivu ya Kusini, ni mahali pa kwanza katika Afrika yote kwa umeme, mara 205 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Labda shahidi mzuri wa radi ya duara atatoka kwetu.

Lakini angalia tofauti. Mawe ya L'Aigle na ya Mbale yalibaki mikononi, yakapimwa na kupasuliwa. Visahani vya mwaka 1952 havikuacha kitu, ila maneno.

Mianga tunayoiona hapa

Jeshi la anga la Marekani lilikusanya habari za namna hiyo kuanzia mwaka 1947 mpaka 1969. Zilikuwa 12.618. Baada ya kuchunguza, nyingi zikapata maelezo, na 701 zikabaki bila maelezo, yaani karibu 6 kwa kila 100. Mwaka 2023 watu waliochaguliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, walisema hawakukuta uthibitisho kwamba vitu hivyo vinatoka kwenye sayari nyingine. Wakasema pia kwamba shida kubwa ni vipimo vibaya.

Basi, ukiwa Mboko, mwangaza unaweza kuwa nini?

Unaweza kuwa Zuhura, nyota ya jioni au ya asubuhi, ambayo kwa kweli ni sayari. Jioni utaiona juu ya milima ya Itombwe, kabla ya mapambazuko utaiona juu ya ziwa. Inang'aa kuliko nyota zote, na mawingu yakipita mbele yake utadhani yenyewe ndiyo inatembea. Lakini haionekani saa sita ya usiku.

Unaweza kuwa taa za wavuvi wa ndagala. Usiku wa giza, mpaka kati ya maji na mbingu haujulikani, na taa za mbali zinaonekana kama zimetundikwa angani.

Unaweza kuwa ndege inayokuja kutua Bujumbura. Ikikuelekea moja kwa moja, taa yake inasimama pale pale dakika nyingi, halafu ikigeuka inapotea mara moja.

Unaweza kuwa kimondo, kinachokwisha kwa sekunde chache. Au setilaiti, inayotembea polepole bila kupepesa, saa za kwanza za usiku au kabla ya mapambazuko. Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX hurusha setilaiti nyingi kwa mara moja, na siku za kwanza zinapita kwa mstari kama shanga. Watu wengi duniani wametoka nje wakipiga kelele kwa kuona shanga hizo!

Na unaweza kuwa ndege isiyo na rubani. Katika vita vya miaka hii mashariki mwa Congo, ndege hizo zimetumika kupeleleza na hata kupiga mabomu. Ukisikia mlio wa namna hiyo, usikimbilie nje kutazama wala kupiga picha. Ingiza watoto ndani. Udadisi una wakati wake.

"Sijui" si jina la mtu

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Tukiisha kupima yote, mara nyingine tutabaki na mwangaza usio na maelezo. Tutasema nini? Tuseme "Sijui." Neno hilo ni la heshima. Wanaosema Kifaransa huita vitu hivyo OVNI, maana yake vitu vinavyoruka visivyotambulika. Kisichotambulika ni kisichotambulika, basi. Huwezi kusema "hakitambuliki", halafu dakika ile ile useme "kwa hiyo ni watu wa sayari nyingine", au "kwa hiyo ni yule mama mzee wa nyumba ya tatu".

Tunasema hivi kwa sababu watu wamekufa. Mwaka 2021, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa na makundi ya watu wenye hasira, kwa kuwa walitajwa kuwa ni walozi. Hakuna aliyepima kitu. Mtu alidai tu kwamba ana kipawa cha kuwatambua, na wengine wakachukua viberiti. Wale mama walikuwa na watoto na wajukuu kama wewe.

Mara nyingi mambo huanza na kadogo: mwangaza usiku, mtoto mgonjwa asubuhi, na mtu mmoja mwenye sauti kubwa anayejua jibu. Wewe ukisema pale "Tungoje kwanza. Nani aliona kwa macho yake?", unaweza kuokoa mtu. Neno hilo halihitaji diploma. Linahitaji moyo tu.

Wala usiogope kwamba kuuliza kunaharibu imani. Kama kuna viumbe mbali huko kwenye nyota, aliyeziumba nyota anawajua. Kama hawako, hatujapoteza kitu. Lakini kumshuhudia jirani uongo tumekatazwa tangu zamani.

Ukiona kitu usiku

Fanya hivi, wewe kijana, hata kama una kalamu na kipande cha karatasi tu:

1. Tazama saa. Andika kilianza lini, kikaisha lini.

2. Andika upande: juu ya ziwa, juu ya mlima, kuelekea Uvira au kuelekea Baraka.

3. Pima urefu kwa ngumi. Nyoosha mkono, funga ngumi, uiweke juu ya ukingo wa ziwa, halafu nyingine juu yake. Kutoka ukingoni mpaka juu ya kichwa ni ngumi kama 9.

4. Kila mtu aandike yake peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake. Mkiisha kuzungumza, mtakuwa na shahidi mmoja mwenye vichwa kumi.

5. Uliza watu wa Swima, Lusenda au Baraka. Kama wote waliona upande ule ule na kwa urefu ule ule, kitu kilikuwa mbali sana. Kama wewe ulikiona kusini na mtu wa Baraka alikiona kaskazini, kilikuwa karibu, katikati yenu.

6. Kesho rudi saa ile ile. Kama kipo tena, yaelekea ni nyota au sayari.

7. Usitume kwa simu habari ambayo hukuiona wewe mwenyewe.

Ukiisha kufanya hayo yote na jibu halijapatikana, tunza karatasi yako vizuri. Biot alihitaji mashahidi wa namna hiyo, na hata gazeti la Vienna lingewahitaji.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Katika jamaa yenu, ni habari gani ya mwangaza au ya radi inayosimuliwa? Nani aliiona mwenyewe, na nani aliisikia tu?

Kama watu wangekuja usiku kumshitaki jirani yenu, nani nyumbani angesimama kuuliza swali la kwanza?

Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, je, unaweza kumjibu "Sijui, tutafute pamoja"?